Aliyetajwa Uwanjani

Kwandu alimwona fahali kabla hajamwona aliyemshika kamba. Alikuwa fahali mweusi, mwenye baka jeupe kifuani kama leso iliyosahaulika, na aliingia kwenye mwanya wa uzio wa minyaa taratibu, akinusa kama mgeni anayetafuta pa kuketi. Kwandu alikuwa nje ya jiko akichagua nsansa, majani makavu ya kunde, kwenye ungo, safi upande huu, yenye mchanga upande ule. Vidole vyake vikasimama.

Alikuwa amemkataza Onesmo asimlete. Jana tu alimkataza, kwa maneno makali ambayo hakuwahi kumwambia mwanamume yeyote, na bado fahali huyu hapa.

Nyuma ya fahali akaja Mzee Athanasi, mshenga, ndani ya koti lake la kanisani linalobana mabega. Nyuma yake akaja Onesmo mwenyewe, katika shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama wembe. Hakutazama upande wa jiko. Macho yake yalikuwa chini, kwenye viatu vyake, navyo vilikuwa vimeng'arishwa kwa mafuta ya kupikia, maana rangi ya viatu ilikuwa imeadimika madukani wiki ile.

"Amekuja," Kwandu alisema kwa sauti ndogo.

Ndani ya jiko mama yake, Domitila, alikuwa anafunika chungu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Nimemsikia fahali," alijibu. "Mwanamume huyo hata kwato hana, nitamsikiaje?"

Kwandu hakucheka.

Bariadi nzima ilikijua kisa hicho, kuanzia stendi hadi kwenye mizani ya pamba. Onesmo alitoka Lamadi, mtoto wa wavuvi, akaja kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Alikuta darasa la watoto waliojua kuandika kila kitu na wasioweza kusema chochote. Ukimuuliza mtoto jina lake kwa Kiingereza, anatazama kucha za miguu yake. Onesmo akaleta redio ya kaseti, akawa anawachezea nyimbo za ng'ambo, za polepole, za watu wanaoachana na kurudiana, anasimamisha kila mstari ili waurudie. Waliimba, lakini waliimba kama watu walio msibani.

Basi siku moja, kwa kuchoka tu, akawagawa. Walio upande wa dirisha akawaita Bagika, walio upande wa mlango akawaita Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ambayo kila Msukuma amezaliwa katika mojawapo, na ambayo kila baada ya mavuno hukabiliana uwanjani kwa nyimbo za kuchomana, mpaka watazamaji wahamie upande mmoja na mwingine ubaki na vumbi lake. Aliwaambia watunge, kwa Kiingereza, na wachomane. Ikawa kama kufungua zizi asubuhi. Watoto waliokuwa mabubu walipigania zamu ya kusema.

Ndipo alipokwenda kwa Kwandu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango. Pamba walikuja kuinunua watu binafsi wenye mizani yao, na kaka yake Kwandu, Ngassa, alipata faida msimu wa kwanza tu, akarudi kutoka Mwanza na jenereta, televisheni na deki, akajenga banda la mabati nyuma ya stendi. Kwandu, ambaye aliishia darasa la saba na hakuchaguliwa, ndiye aliyekuwa mlinzi wa banda, mkata tiketi na fundi wa kusafisha kanda zilizoota ukungu. Asubuhi banda lilikuwa halina kazi. Onesmo aliliomba, wakapatana kwamba wanafunzi watanyunyiza maji sakafuni na kufagia, vumbi lisiingie kwenye mashine.

"Sasa zima sauti," alimwambia siku ya kwanza, sinema ilipoanza.

Kwandu alimtazama. Katika maisha yake yote ya banda, watu walimpigia kelele aongeze sauti.

"Zima, dada. Tuone nani ana maneno."

Akazima. Kwenye kioo, mwanamke mwenye gauni jekundu alikuwa anagombana na mwanamume mwenye kofia penye kituo cha treni, midomo inacheza tu. Bagika wakamsemea mwanamke, Bagalu wakamsemea mwanamume, kwa Kiingereza, na upande utakaoishiwa maneno kabla treni haijaja ndio umeshindwa. Mwanamume mwenye kofia alitukanwa siku ile mpaka Kwandu akasahau kuangalia mafuta ya jenereta. Asubuhi baada ya asubuhi, kidole chake kilikaa kwenye kitufe cha sauti na macho yake yakakaa kwa mwalimu. Mpaka siku moja, yule mwanamke wa gauni jekundu alipoambiwa arudi nyumbani, Kwandu alijikuta amemjibia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, mbele ya darasa zima, kwamba hatarudi. Onesmo akageuka. Alimtazama tu, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa kutoka ng'ambo ya mto, na Kwandu akaona joto la mabati lote limemhamia mashavuni.

Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Mzee Mashimba, baba yake Kwandu, hakuwa na neno na banda, maana lilikuwa la mwanawe. Alinung'unika kidogo tu kwamba watu wa ziwani wasije wakaleta mahari ya dagaa, wazee wakacheka, mambo yakaenda.

Kilichoharibu kila kitu ni wimbo.

Siku ya kufunga muhula, wazazi wakiwa wamekaa kwenye uwanja wa shule, watoto wa Onesmo walionyesha mashindano yao. Mzee Mashimba alikuwa mbele, kwenye kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani. Yeye alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za Bagika, jina lake likijulikana hadi Malampaka na hadi Kimali. Na katikati ya wimbo wa Bagalu, katika lugha asiyoijua, akasikia jina lake. Mara moja, mara ya pili. Watoto wakacheka. Walimu wakacheka. Akamshika mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu, akamwambia amfasirie, na mtoto yule akafasiri huku anatetemeka. Mzee Mashimba akachukua kigoda chake, akaondoka.

Kesho yake alituma neno kwa mshenga. Posa haipo. Kama mwalimu anaitaka, alete fahali wa fidia, apige magoti mbele ya wazee, na akome kabisa kufundisha watoto wa watu kwa nyimbo na sinema.

Ndipo jana, Jumamosi, bandani, jenereta likiwa limezimwa na harufu ya sakafu mbichi imejaa, Onesmo alipomwambia Kwandu kwamba amekubali yote matatu.

"Goti ni goti tu," alisema. "Vumbi likikung'utwa linatoka."

"Na watoto?"

"Nitarudi ubaoni. Walimu wengine wote wako ubaoni."

"Na wataanza tena kutazama kucha."

"Kwandu, ninakutaka wewe. Nyimbo zipo nyingi duniani."

Alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na chaki kwenye mistari, kama siku zote, na kwa kitambo kidogo Kwandu alitaka kuegemea shati lile na kusema sawa, na iwe sawa. Lakini aliutoa mkono wake. Alimwambia kwamba yeye alimpenda mtu aliyesema zima sauti tuone nani ana maneno. "Ukija kwetu na fahali," alimwambia, "utakuwa umezima ya kwako. Nitakuwa nimeolewa na nani?"

Na fahali huyo hapa, anakojoa karibu na kinu.

Chini ya paa la mbele ya nyumba kubwa walikuwa wameketi Mzee Mashimba na mzee mwenzake Mahona, jirani, ambaye aliitwa awe shahidi na ambaye tayari alikuwa anatupia jicho jikoni kuulizia michembe. Salamu zikapita. Mwadila, mwadila, habari za ng'ombe, habari za pamba, habari za walioachwa Lamadi. Athanasi akazungumza kwa urefu, kama inavyompasa mshenga, akazunguka kijito na kilima kabla ya kufika kwenye fahali. Mzee Mashimba alisikiliza huku anatazama pembe za mnyama.

"Ni fahali mzuri," alisema mwishowe. "Nilidhani mtaleta sangara mwenye kamba."

Mahona akacheka. Onesmo alikunja suruali kidogo magotini, isichanike.

Kwandu aliona kitendo kile cha kukunja suruali, kidogo tu, cha mtu asiye na suruali nyingine ya heshima. Akaingia jikoni, akapakua michembe kwenye bakuli, akaimwagia karanga zilizotwangwa. Mama yake alimtazama.

"Mbona bado haijaiva vizuri?"

"Imeiva, mayu."

Akatoka na bakuli mkono mmoja, maji ya kunawa mkono mwingine. Akapiga magoti mbele ya wazee kama alivyolelewa, akanawisha, akaweka bakuli. Onesmo alikuwa ameshashuka goti moja. Wakawa wamepiga magoti wote wawili, uso kwa uso, bakuli la michembe katikati, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye boma lile, Onesmo aliinua macho. Yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala.

Kwandu hakuondoka.

"Haya, rudi jikoni," baba yake alisema.

"Nina neno, baba."

"Neno la jikoni lisemwe jikoni."

"Si la jikoni. Ni la uwanjani."

Mahona aliacha kutafuna. Kwandu akasimama, akajifunga kanga kiunoni, na kabla hofu haijamfika miguuni akaanza kuimba. Aliimba wimbo ule ule wa watoto, lakini aliuimba kwa Kisukuma, kwa lahani ya Bagalu, kila neno mahali pake, akipiga kofi pale ambapo ngoma ingepigwa:

*Mzee Mashimba, zizi lako limejaa,*
*ng'ombe wanalala nje kwa kukosa nafasi;*
*Mzee Mashimba, uko wapi leo,*
*mbona kwa Kiingereza huna hata ndama?*

Kuku wawili walikimbia. Athanasi alivua kofia, akaivaa tena.

"Unanitukana kwangu," Mzee Mashimba alisema polepole.

"Ninakuimbia, baba. Nilipokuwa mdogo, Malampaka, ningi wa Bagalu aliimba kwamba una miguu ya kunguru. Mama alilia. Wewe ulicheka. Ulinibeba begani njia nzima ukaniambia hatajwi mdogo, na aliyetajwa uwanjani hujibu uwanjani. Msimu uliofuata ulimjibu, na mpaka leo wachunga ng'ombe wanaimba jibu lile. Hukumdai fahali. Hukumpigisha magoti."

"Yule alinichoma kwa lugha ninayoijua." Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu mkali, na Kwandu akaogopa zaidi. "Nilisimama mbele yake tukaonana macho. Hawa wamenipiga gizani. Nimesikia jina langu, nimesikia watu wanacheka, sijui nimefanywa nini. Mimi, Mashimba, nilimshika mtoto mdogo kama kipofu nikamwambia nisomee. Mtu aliyepigwa gizani atajibu vipi?"

Hapo ndipo Kwandu alipoelewa kwamba siku zote hizi alikuwa akipigana na hasira ambayo haikuwapo. Kilichokuwapo kilikuwa aibu, nayo ilikaa ndani ya mzee huyu peke yake, kama mgeni asiyekaribishwa.

Lakini hakurudi nyuma.

"Ndiyo maana nimekuleta kwenye mwanga," alisema. "Sasa umeusikia, baba. Jibu."

Onesmo aliinuka. Alijikung'uta goti moja, taratibu, vumbi likatoka, na akasimama kando ya Kwandu, si karibu sana, umbali wa heshima, lakini upande wake.

"Mzee wangu," alisema, "fahali nitarudi naye."

"Onesmo," mshenga akanong'ona, "mwanangu, keti."

"Nisamehe, baba Athanasi. Kuna jambo moja ninaloombea radhi, nalo nalisema mbele ya wazee. Siku ile nilipaswa kukuletea maneno ya wimbo kwa Kisukuma kabla ya watoto kusimama. Sikuleta. Nilifikiri nitakufurahisha ghafla, nikakuacha gizani, na hilo ni kosa la malezi. Kwa hilo, pole, mzee. Lakini wimbo wenyewe siuombei radhi. Watoto walinijia wakaniuliza nani anatosha kutajwa katika nchi hii, wenyewe wakakutaja wewe. Kuna mtoto pale ambaye mwaka mzima hakuwahi kufungua mdomo darasani. Neno lake la kwanza la Kiingereza nililolisikia lilikuwa jina lako na zizi lako. Nyimbo sitaziacha. Sinema sitaiacha. Na Kwandu simwachi pia, hata ukinikataza mpaka mvua zije."

Kwandu alimtazama pembeni mwa jicho. Shati lile jeupe lilikuwa linatetemeka kidogo mahali pa moyo. Ndiye huyu, aliwaza. Amerudi.

"Umesikia, Mahona?" Mzee Mashimba aliuliza. "Mvuvi anapandisha sauti kwenye boma la wafugaji."

"Nimesikia," Mahona alijibu. "Na michembe inapoa."

Mzee Mashimba akamgeukia binti yake. Alimwambia kwamba ameona wasichana wengi wakaidi lakini hajaona anayevuka uwanja mchana kweupe, kutoka kwa Bagika wa baba yake kwenda kwa Bagalu wa mwanamume. Alitaka kujua hiyo tabia ameitoa wapi, maana kwenye ukoo wake haimo.

Mlangoni mwa jiko Domitila alikuwa amesimama na mwiko. Haikuwa kawaida yake kuingilia baraza, na kwa hiyo wote wakageuka.

"Baba Ngassa," alisema kwa upole, kana kwamba anaulizia chumvi, "kabla hujanioa, baba yangu alikuwa ameshika ngoma upande wa pili. Ulipoimba, nilivuka uwanja wote, watu wanaona, nikaja kusimama nyuma yako. Hukuniuliza nimeitoa wapi."

Akarudi jikoni.

Mahona aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake ina shida. Mzee Mashimba alitazama mlango ule mtupu wa jiko, moshi ukitoka, na uso wake mkavu ukapitiwa na mambo mengi ambayo mtoto hapaswi kuyaona kwa baba, hata Kwandu akainamisha macho. Alipoyainua tena, vidole vya mzee vilikuwa vinagonga ukingo wa kigoda. Polepole mwanzoni. Kisha kwa mpango, viwili na kimoja, viwili na kimoja, kama mtu anayetafuta mahali pa kuingilia.

"Kijembe cha kunguru," alijisemea, "kilikuwa rahisi. Hiki cha ndama ni kigumu. Nani alikitunga?"

"Watoto, mzee," Onesmo alisema.

"Wana akili." Vidole vikaendelea. "Muhula ukifunguliwa, uwanja wa shule. Nitajibu kwa Kisukuma, sina lugha nyingine. Hao watoto wako wageuze kila neno langu kwa Kiingereza hapo hapo, mbele ya watu, wasiruke hata moja. Maana nitawatukana, mwalimu. Wao, na wewe, na dagaa wenu."

"Watageuza, mzee."

"Ondoka na fahali wako. Usije tena kwangu na mnyama wa kuomba radhi, anachafua kinu. Siku hiyo uje na ngoma." Akagonga kigoda mara moja. "Nikikushinda, watu wakahamia kwangu, hutarudi hapa."

Mzee Athanasi alivuta pumzi kumshukuru, lakini Kwandu alimtangulia.

"Ukimshinda, baba, nitaolewa naye vilevile."

Alilisema bila kupandisha sauti. Kando yake alisikia Onesmo akiacha kupumua. Baba yake alimtazama kuanzia kanga iliyofungwa kiunoni hadi usoni, kama anayemtazama ningi mgeni aliyesimama uwanjani asubuhi na ambaye bado hajulikani uwezo wake.

"Siku hiyo utasimama upande gani?"

"Ule wa pili."

Mzee Mashimba akavuta bakuli la michembe, akachagua kipande, akakitia kinywani, akatafuna hadi kikaisha.

"Basi uimbe vizuri," alisema. "Usinitie aibu."